Samuel Insull: Karani wa Edison aliyeifanya stima kuwa rahisi, moshi ukawaangukia wengine

Mtaje Thomas Edison mahali popote na hata mtoto wa darasa la nne atakwambia huyo ni yule wa balbu. Sasa mtaje Samuel Insull. Kimya, sivyo? Ilhali kuna wakati sura yake ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time, na mjini Chicago hakuna aliyehitaji kuelezwa ni nani. Balbu ni ya Edison, sawa. Lakini ile tabia yako ya kuwasha taa bila kufikiria mara mbili, kupiga pasi shati moja asubuhi na kuacha redio ikiongea peke yake sebuleni, hiyo ina mkono wa Insull. Moshi uliofuata pia una mkono wake.

Alizaliwa London, Uingereza, mnamo Novemba 11, 1859, katika familia isiyo na mali. Babake alikuwa mhubiri aliyezunguka akipiga vita ulevi, kazi yenye heshima tele na pato dogo. Akiwa na miaka 14 kijana aliacha masomo akaajiriwa kama tarishi katika ofisi ya madalali. Unaijua kazi hiyo: kubeba barua, kutumwa huku na kule, kunyamaza wakubwa wakiongea. Usiku alijifunza hatimkato, na hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango. Aliona tangazo la kazi gazetini, akaomba, akajikuta akimfanyia kazi George Gouraud, mtu aliyekuwa akisimamia biashara za Edison kule Ulaya.

Kijana hakungoja kufundishwa. Alisoma kila karatasi iliyopita mezani, hadi akajua biashara ya Edison barani Ulaya kuliko waliokuwa wakilipwa kuijua. Edison alipohitaji karani wa kumtegemea, jina lake likatajwa. Aliwasili New York mnamo Februari 28, 1881, akiwa na miaka 21, mwembamba, amechoshwa na safari ya meli. Kama alidhani ataonyeshwa kitanda, alikosea. Edison alimketisha usiku huohuo wapige hesabu za pesa, wakakesha hadi karibu alfajiri wakitafuta ni hataza zipi za Ulaya zingeweza kuuzwa ili mradi wa stima usikwame.

Edison alikuwa gwiji wa maabara lakini makaratasi yalimshinda. Insull ndiye aliyefungua barua, akatia saini hundi, akakimbizana na wenye madeni, hata akamnunulia bosi nguo. Mnamo Septemba 4, 1882, kituo cha Pearl Street kilianza kuuza stima katika mitaa michache ya Manhattan, kikiwa na wateja wasiofika mia moja. Hapo tusimame kidogo. Ofisi zilizokuwa zikitumia gesi zilizoea harufu na masizi kwenye dari. Sasa ghafla taa inawaka bila kutoa moshi! Watu walistaajabu, na wewe pia ungestaajabu. Lakini mle ndani ya jengo la Pearl Street mashine zilizungushwa na mvuke, na mvuke ulitoka kwa matanuri ya makaa ya mawe. Moshi haukuwa umeisha. Ulikuwa umehamishwa kutoka chumba cha anayewasha taa hadi kwenye bomba la moshi mtaa mwingine.

Mnamo 1886 Edison alimtuma Schenectady, mji mdogo ulio kaskazini mwa jiji la New York, akasimamie kiwanda cha mashine. Alikikuta na wafanyakazi wachache, akakiacha na maelfu. Kisha mwaka wa 1892 matajiri wa Wall Street waliunganisha kampuni ya Edison na ya mshindani wake ikawa General Electric, na Edison mwenyewe akasukumwa pembeni. Insull alipewa nafasi nono katika kampuni mpya. Akaikataa. Badala yake alienda Chicago kuongoza kampuni ndogo ya stima, kwa mshahara wa dola 12,000 kwa mwaka, ambao ulikuwa theluthi tu ya alichoahidiwa kule General Electric. Alikuwa na miaka 32. Jamaa zake wengi walidhani amerukwa na akili.

Chicago ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja, na kampuni yake ilikuwa na wateja wasiofika 5,000. Stima ilikuwa ya mahoteli, maduka makubwa na nyumba za mabwanyenye. Kampuni ndogo ndogo zilijaa mjini, kila moja na nyaya zake, na majengo mengi makubwa yalikuwa na jenereta yao kwenye orofa ya chini kabisa. Wenye biashara hiyo waliamini kwamba stima ni kitu cha anasa na kitabaki hivyo: uza kidogo, uza ghali.

Insull aliona tatizo tofauti, na ili ulielewe fikiria mwenye matatu. Amechukua mkopo wa kununua gari. Asubuhi saa kumi na mbili hadi saa mbili linajaa, jioni linajaa, mchana kutwa limeegeshwa kwenye steji kondakta akiuza sura. Benki haijali kwamba mchana hapakuwa na abiria, mkopo ni uleule. Sasa kituo cha stima ni matatu ya namna hiyo, ila kibaya zaidi, kwa sababu stima huwezi kuiweka ghalani leo uiuze kesho. Lazima uwe na mashine za kutosha kwa ile saa moja ya jioni ambapo kila mtu amewasha taa. Saa zile nyingine mashine zimelala na riba inaendelea kula.

Dawa ilikuwa kutafuta abiria wa mchana, na wa usiku wa manane pia. Lakini utawalipisha vipi? Jibu alilipata mwaka wa 1894 akiwa likizoni kwao Uingereza, katika mji wa Brighton ulio kando ya bahari. Alishangaa kuona hata viduka vidogo vina taa za stima. Alipouliza, alielekezwa kwa fundi aitwaye Arthur Wright, aliyekuwa amebuni mita isiyopima tu jumla ya stima uliyotumia, bali pia kiwango cha juu kabisa ulichowahi kuvuta kwa wakati mmoja. Kwa mita hiyo ungeweza kugawa bili mara mbili: sehemu moja ya kulipia mashine ulizolazimisha ziwepo, nyingine ya kulipia makaa yaliyochomwa. Aliyetumia kwa saa nyingi alishuka bei kwa kila uniti. Ukitumia zaidi, unalipa kidogo kwa uniti. Bila shaka unaona hilo linaelekea wapi.

Alirudi Chicago na wazo hilo akalifanyia kazi kama mtu aliyeshikwa na homa. Alizifuata kampuni za tramu akazishawishi zizime jenereta zao zinunue stima kwake. Alifuata viwanda, ambavyo hufanya kazi mchana. Alifuata watengenezaji wa barafu, ambao wangeweza kuvuta stima saa ambazo wengine wamelala. Kila mteja mpya alijaza pengo la mwingine, na kila pengo lililojazwa lilimruhusu kushusha bei tena. Uniti moja iliyouzwa takriban senti 20 za Marekani alipofika Chicago ilikuwa imeshuka hadi karibu senti 2 na nusu kufikia 1909.

Mfumo huo haujafa. Hapa Kenya, mwaka wa 2017 viwanda vilipewa nafuu ya bei kwa stima ya ziada wanayotumia usiku mashine zikiwa hazina kazi nyingi. Na ile saa ya jioni iliyomsumbua Insull ingali inatusumbua: wewe umewasha televisheni, jirani anachemsha maji, mvuke wa Olkaria na mabwawa visipotosha inabidi mitambo ya mafuta kama ile ya Kipevu, Mombasa, iwashwe kujazia. Kwa hivyo swali la ni saa ngapi unatumia stima, na kiasi gani, ni swali la hewa ya mtu fulani mahali fulani. Turudi Chicago.

Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 injini zake za pistoni zilikuwa zimefika kikomo. Zilikuwa kubwa kama nyumba, zikitikisa ardhi, na haikuwezekana kuzikuza zaidi. Insull alitaka tabo ya mvuke, mashine ambayo mvuke huzungusha mapanga yake moja kwa moja, ya ukubwa ambao General Electric yenyewe iliuogopa. Aliwasukuma hadi wakakubali kugawana naye hasara. Mtambo wa kilowati 5,000 ukajengwa katika kituo kipya cha Fisk Street, kando ya Mto Chicago, mwaka wa 1903. Siku ya kuuwasha, mhandisi wake Frederick Sargent alimsihi atoke nje kwa sababu hakuna aliyejua kama hautalipuka. Insull alikataa kutoka. Kama mtambo ungelipuka, hesabu yake ilikuwa kwamba kampuni ingelipuka nao, hivyo kusimama nje hakungemsaidia. Haukulipuka. Miaka michache baadaye ulionekana mdogo, ukang'olewa kupisha mikubwa zaidi.

Hapo ndipo kasi yenyewe ilipoanza. Mnamo 1907 kampuni zake ziliungana zikawa Commonwealth Edison. Alifungua duka la kuuza vyombo vya stima, akasambaza maelfu ya pasi majumbani watu wajaribu bila kulipa, kwa sababu pasi hutumiwa mchana, na mchana ndio uliokuwa na pengo. Mnamo 1910 alijaribu kuunganisha miji midogo na mashamba ya Lake County, kaskazini mwa Chicago, kwa mtandao mmoja wa nyaya, akathibitisha kwamba hata mkulima anaweza kuwa mteja wa faida. Makabati ya barafu, feni, mashine za kufua nguo, kila kimoja kilikuwa mlango mwingine wa kuingizia stima nyumbani.

Na hapa lazima tumpe haki yake. Chicago ya wakati huo ilikuwa na moshi wa kutisha. Jiji lilikuwa limepitisha sheria ya kuuzuia tangu 1881, mojawapo ya za kwanza Marekani, lakini maelfu ya matanuri madogo yaliendelea kutapika masizi. Wauzaji wa Insull walipowaambia wenye viwanda wazime matanuri yao wanunue stima, waliwaambia pia kwamba anga itasafika, na hawakuwa wakidanganya. Tabo moja kubwa ilitoa stima nyingi zaidi kwa kila gunia la makaa kuliko matanuri mia moja ya vichochoroni. Wanawake waliokuwa wakikohoa juu ya majiko walipata afueni ya kweli. Anayesema Insull aliletea watu maafa tu hajawahi kusoma kwa kibatari.

Shida ni hesabu ya jumla. Makaa kwa kila uniti yalipungua, lakini uniti ziliongezeka kwa kasi kubwa zaidi, na kwa hivyo makaa yote kwa pamoja yakaongezeka. Mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons alikuwa ameliona jambo hili tangu 1865, alipoandika kwamba injini zinazotumia makaa kwa uangalifu huifanya nchi ichome makaa mengi zaidi. Insull hakuliona kama tatizo. Kwake ulikuwa ushindi. Alishirikiana na kampuni ya Peabody kuhakikisha migodi ya Illinois inamlisha bila kukatika, treni baada ya treni.

Makaa ya Illinois yana salfa nyingi. Yakichomwa, salfa hiyo hutoka kama gesi inayowasha koo, kisha hewani hugeuka kuwa chembechembe ndogo ajabu. Zile zinazoua zaidi zina upana wa karibu sehemu moja ya thelathini ya unywele wako. Pua haizizuii. Zinashuka hadi mwisho wa mapafu, na nyingine huvuka zikaingia kwenye damu, na ndiyo sababu moshi wa stima huleta pumu na pia mshtuko wa moyo. Bomba refu haliziondoi, linazitupa mbali kidogo tu.

Wale waliokaa karibu na bomba la Fisk walikuwa watu wa Pilsen, mtaa wa wahamiaji kutoka Bohemia waliofanya kazi za mikono. Miaka ya 1920 kituo kingine kikubwa, Crawford, kilijengwa kusini magharibi kidogo, katika mtaa ambao leo unaitwa Little Village. Mabwanyenye waliokuwa na taa nyingi zaidi hawakukaa huko. Insull mwenyewe alikuwa na shamba kubwa na jumba la kifahari huko Libertyville, mbali kule kaskazini.

Ya utajiri wake nitayapitia haraka, maana yanafanana na ya matajiri wengi. Alijenga kampuni juu ya kampuni, moja ikimiliki nyingine, hadi akawa anauza stima katika majimbo zaidi ya 30. Watu wa kawaida, wauza duka na wajane, walinunua hisa zake kwa akiba yao yote. Alimwoa mwigizaji Gladys Wallis, akajenga jumba la opera la orofa nyingi lililofunguliwa Novemba 4, 1929, siku chache tu baada ya soko la hisa kuanguka. Muda mbaya kuliko huo ungeutafuta wapi? Mnara wake wa kampuni zilizobebana kwa mikopo ulibomoka mwaka wa 1932. Alijiuzulu katika kampuni zaidi ya 60, akahepa hadi Ufaransa, kisha Ugiriki. Ugiriki ilipomchoka alikodi meli akawa anaelea baharini, hadi alipokamatwa Uturuki mwaka wa 1934 akarudishwa kwao kwa kesi.

Umma ulimtaka jela. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachilia, na katika kesi mbili zilizofuata pia hakupatikana na hatia. Hata hivyo, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka wa 1935 ya kuvunja kampuni za mtindo wake. Julai 16, 1938, akiwa na miaka 78, alishuka kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi cha Concorde mjini Paris, moyo ukasimama, akaanguka akafa. Treni aliyokuwa akiingojea ilikuwa ya stima. Alizikwa London, karibu na wazazi wake.

Kesi zote hizo zilihusu pesa. Hakuna hata siku moja aliyoshtakiwa kwa sababu ya hewa, wala sheria yenyewe haikuwa na mahali pa kuandika shtaka hilo. Kwenye bili zake tamu kulikuwa na gharama ya mashine na gharama ya makaa. Gharama ya mapafu ya Pilsen haikuwa na safu yake, na ndiyo maana stima ilionekana rahisi kuliko ilivyokuwa. Hilo, kwa maoni yangu, ni kosa kubwa kuliko hisa zote alizouza, ingawa halikuwa lake peke yake. Kila aliyechukua pasi ya bure alishiriki kidogo.

Fisk na Crawford ziliendelea kuchoma makaa muda mrefu baada yake, mitambo ikibadilishwa na wenyewe wakibadilika. Wahamiaji wa Bohemia walihama, wakaja wa Mexico. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa chuo kikuu cha Harvard walikadiria kwamba moshi wa vituo hivyo viwili ulichangia vifo vya mapema 41 kila mwaka, na mashambulizi ya pumu 2,800. Kina mama wa Little Village walianza kuhesabu pampu za watoto wao. Mmoja wao, Kimberly Wasserman, alikuwa na mtoto mchanga aliyepata pumu, akaanza kubisha mlango hadi mlango, akaandamana na vijana wa mtaa mwaka baada ya mwaka. Wenye vituo walijibu kwamba jiji linahitaji stima. Mnamo Februari 2012 makubaliano yalitiwa saini, na kabla ya mwaka kuisha moto wa makaa ulizimwa katika vituo vyote viwili. Mwaka uliofuata Wasserman alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Aprili 2020, katikati ya janga la korona, ugonjwa unaoshambulia mapafu, mkandarasi alilipua bomba la zamani la Crawford liangushwe. Wingu la vumbi likafunika Little Village, nguo kwenye kamba, magari, madirisha. Mahali lilipokuwa pamejengwa ghala kubwa la mizigo, na malori ya dizeli yanaingia na kutoka. Kule Fisk, baada ya makaa kuzimwa, zilibakizwa mashine ndogo za mafuta, za kuwashwa zile saa chache ambapo jiji zima limewasha kila kitu kwa pamoja.